Usiianike juani: kunakili chipu ya kadi ya zamani ya grafiki

"Shikamoo fundi. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Marehemu baba alikuwa na duka la kuchapa barua na mikataba kule Mwanga, na ametuachia kompyuta yake ya zamani, aina ya 486, yenye mfumo endeshi wa DOS. Ndani yake kuna maneno ya Kiha aliyoyakusanya kwa miaka mingi, nayo yanafunguka kwa programu yake ya zamani tu. Tangu mvua zianze, siku nyingine nikiiwasha haileti picha: inalia mlio mmoja mrefu na mifupi miwili, kisha kimya. Nikiibonyeza ile kadi ndefu ya picha, picha inarudi. Kwenye kadi hiyo kuna chipu moja kubwa yenye stika ya rangi ya fedha. Fundi mmoja wa hapa ameniambia chipu imeingia unyevu na muda wake umekwisha, niibandue stika niianike juani siku mbili, ikishindikana nitafute programu yake mtandaoni. Rafiki yangu naye anasema chipu hizo hunakiliwa. Je, ni kweli zina mwisho? Naweza kuinakili nikiwa hapa bila mashine maalumu? Na nikiianika naharibu nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kabla hatujafika mbali: usiianike. Kama stika umeshaibandua, irudishe sasa hivi. Kama imechanika, funika kile kidirisha cha kioo kwa kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, kisha endelea kusoma.

Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba kadi itakufa. Ya pili ni kwamba ikifa itaondoka na maneno ya baba. Tuzitenganishe, maana ya pili si ya kweli. Maneno ya mzee hayamo kwenye kadi ya grafiki, yamo kwenye diski kuu. Chipu yenye stika ina kitu kimoja tu, yaani programu fupi inayoifundisha kompyuta namna ya kuitumia kadi hiyo kutoa picha. Ikiharibika, maneno yatabaki yalipo, ila hutayaona kwa kompyuta ile. Kwa hiyo siku picha itakapotokea, usiizime mashine kabla hujanakili vitu viwili: kwanza faili za mzee kwenye diski, halafu chipu. Usiache hata kimoja kikasubiri kesho.

Kwa faili za mzee, tumia disketi ukiwa ndani ya DOS yenyewe. Disketi moja ya kawaida hubeba megabaiti 1.44, na orodha ya maneno matupu, hata iwe ndefu namna gani, haili nafasi kubwa. Nakili pia folda ya ile programu inayoyafungua. Mafundi wengi watakushauri uchomoe diski na kuiunganisha kwenye kompyuta mpya kwa waya wa USB. Wakati mwingine inakubali, lakini diski za umri huo mara nyingi hazitambuliwi na viunganishi vya leo. Anza na njia ambayo haichomoi kitu.

Sasa chipu. Nataka uelewe kilichomo ndani, kwa sababu ukishaelewa hutahitaji kumwamini mtu yeyote kwa maneno, nikiwemo mimi.

Chipu za aina hiyo huitwa EPROM. Alizibuni Dov Frohman akiwa kampuni ya Intel, mwaka 1971, na ile ya kwanza, 1702, ilibeba baiti 256 tu. Ya kwenye kadi yako, kama ni ya aina iliyozoeleka, inabeba 32,768. Ndani yake kila biti, yaani kila 0 au 1, ni transista moja (swichi ndogo sana ya umeme) yenye kijisahani kidogo kilichozungushiwa ukuta wa kioo pande zote. Hakiunganishwi na waya wowote. Fikiria tenga la kuku lisilo na mlango. Wakati wa kuchoma chipu, yaani kuiandika, volti kubwa, kwa kawaida kama 12.5, huzisukuma elektroni kwa nguvu hadi zikapenya ukuta na kuingia ndani ya tenga. Volti ikiondolewa, zinabaki humo, kwa kuwa hazina nguvu ya kurudi zilikotoka. Tenga lililojaa husomeka 0, tenga tupu husomeka 1. Chipu mpya isiyoandikwa kitu ni 1 tupu, na ukiisoma utaona FF FF FF mwanzo hadi mwisho, kila FF ikiwa ni 1 nane.

Kile kidirisha chini ya stika ndicho njia ya kufutia. Kimetengenezwa kwa kioo cha kwatzi kinachopitisha mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo inapozigonga elektroni, inazipa nguvu ya kuruka ukuta, na tenga linabaki tupu. Mafundi hutumia taa maalumu yenye mawimbi ya nanomita 254, na kazi huisha kwa dakika 15 hadi 20. Jua nalo lina urujuanimno, ila ni hafifu zaidi. Watengenezaji wa chipu hizi waliandika kwenye maelezo yao kwamba jua la moja kwa moja linaweza kuifuta chipu ya kawaida kwa takriban wiki moja, na mwanga wa taa za tyubu ndani ya chumba kwa takriban miaka mitatu. Jua la Ujiji ni lile lile linalokausha dagaa mchangani. Siku mbili pengine zisingefuta kila kitu, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu chipu iliyofutika nusu husumbua kuliko iliyofutika yote. Leo inafanya kazi, kesho inakataa, nawe unahangaika miezi ukitafuta ubovu mahali pengine.

Nakuambia haya kwa sababu yamenikuta. Miaka yangu ya mwanzo hapa Tabora nilibandua stika ya chipu ya mteja ili nisome namba yake, nikaiacha kadi juu ya benchi la barazani nikisubiri soketi mpya. Zilipita wiki tatu, jua la alasiri likiipiga kila siku. Nilipoisoma, sehemu kubwa ilikuwa FF. Sikuwa na nakala, wala mteja hakuwa nayo, na ile mashine haikuwaka tena. Tangu siku hiyo hakuna chipu inayokaa mezani kwangu bila kufunikwa, na hakuna ninayoigusa kabla ya kuisoma.

Lakini usije ukaogopa kupita kiasi. Kuinua ukingo wa stika kwa dakika moja usiku, chini ya balbu ya kawaida, ili usome namba ya chipu, hakuna madhara. Stika si dawa. Kazi yake ni kuziba mwanga tu.

Je, zina mwisho? Ndiyo, ila si kama maziwa yenye tarehe ubavuni. Elektroni huvuja polepole sana kupita kwenye ule ukuta, na joto huharakisha uvujaji. Watengenezaji wengi waliahidi miaka kumi na kuendelea. Mimi mwenyewe nimesoma chipu zilizopita miaka thelathini zikiwa salama kabisa, na nimekuta nyingine za umri huo huo zimeanza kusahau. Hakuna anayeweza kuitazama yako kwa macho akakwambia iko upande gani. Kwa hiyo aliyekuambia muda umekwisha alibahatisha. Na unyevu hauingii ndani ya chipu hizi za kauri kwa urahisi anaoudhania, wala jua halingeutoa.

Dalili zako zinanielekeza kwingine. Kompyuta inapowaka, programu ya bodi kuu hupita kwenye anwani fulani za kumbukumbu, kuanzia C000, ikitafuta kadi ya grafiki. Inatafuta baiti mbili za utambulisho, 55 na AA. Ikizikuta, inajumlisha baiti zote za programu ile. Jumla ikigawanywa kwa 256 isibaki kitu, inaiamini kadi na kuikabidhi kazi. Isipozikuta, au hesabu ikikataa, inaipita kama vile hapana kitu, na kwenye bodi nyingi utasikia mlio huo huo uliousikia wewe. Kadi inayorudi ukiibonyeza kwa kidole haijasahau kitu. Imekosa mguso. Meno ya shaba kwenye ukingo wa kadi yameshika kutu nyembamba, au miguu ya chipu imepanda kidogo ndani ya soketi yake. Kupata joto na kupoa kwa miaka mingi huisukuma chipu juu, kiasi kidogo kidogo. Unyevu wa ziwani unaongezea kutu, na ndiyo maana umeliona tatizo mvua zilipoanza.

Dawa yake nitakupa, lakini si sasa. Kwanza nakala, maana kila unapochomoa kadi na kuirudisha kuna nafasi ya kuvunja kitu.

Habari njema ni kwamba huhitaji mashine maalumu. Kompyuta ya baba yenyewe ina kifaa cha kutosha. DOS huja na programu ndogo iitwayo DEBUG, na kwa kuwa chipu ya kadi inaonekana kwenye kumbukumbu ya kompyuta kuanzia C000, unaweza kuisoma ikiwa palepale ilipo, bila kuigusa. Washa mashine. Ukiona inaanza kupakia DOS, bonyeza F5 ili iruke mipangilio mingine. Kwenye DOS 6 hilo linafanya kazi. Kisha andika cd \dos ubonyeze Enter, halafu debug na ubonyeze Enter tena. Utaona kistari kidogo kikikungoja. Andika:

d c000:0

Zitatokea safu nane za namba. Tazama mwanzo kabisa wa safu ya kwanza. Unatafuta 55 AA, na baada yake namba ya tatu, mara nyingi 40. Hiyo ya tatu ni ukubwa wa programu, uliohesabiwa kwa vipande vya baiti 512. 40 kwa hesabu ya kumi na sita ni 64 kwa hesabu yetu, na 64 mara 512 ni 32,768, yaani kilobaiti 32. Ukikuta 30, ni 24,576. Kisha geukia maandishi ya upande wa kulia. Kwenye kadi nyingi utaona I na B mwishoni mwa safu ya pili na M mwanzoni mwa ya tatu, hata kama kadi haikutengenezwa na IBM. Programu nyingine za zamani zilitafuta jina hilo mahali hapo hasa, hivyo watengenezaji wengi wakaliweka. Ukiyaona hayo, chipu ya mzee inazungumza.

Sasa nakili, mstari mmoja baada ya mwingine:

m c000:0 l8000 cs:100
rbx
0
rcx
8000
n c:\kadi1.bin
w
q

Kwenye l8000 herufi ya kwanza ni L, si namba moja. Mstari wa kwanza unahamisha kilobaiti 32 kutoka kwenye chipu hadi kwenye kumbukumbu ya kawaida. Inayofuata inaiambia DEBUG ukubwa wa faili, halafu jina, halafu w inaandika na q inatoka. Kama ukubwa wako ulikuwa 30, tumia 8000 hivyo hivyo; ziada ya mwisho haina madhara. Rudia yote mara ya pili kwa jina kadi2.bin. Kisha zima mashine, iache ipoe saa nzima, iwashe, urudie mara ya tatu kwa kadi3.bin. Ukimaliza andika:

fc /b c:\kadi1.bin c:\kadi2.bin

na tena kwa ya kwanza na ya tatu. Ikikuambia hakuna tofauti, una nakala ya kuaminika. Mara tatu si mchezo. Biti iliyo ukingoni husomeka 0 mashine ikiwa baridi na 1 ikiwa na joto, na kusoma mara moja hakutakuonyesha hilo. Ukipata tofauti, kumbuka lile tenga: elektroni huvuja kutoka, haziingii zenyewe. Mahali ambapo usomaji mmoja unasema 0 na mwingine 1, ukweli wa mwanzo karibu kila mara ni 0. Chukua ile 55 ya mwanzo. Kwa biti ni 01010101. Tenga moja likivuja inakuwa 01010111, yaani 57, na kwa biti hiyo moja bodi kuu itaipita kadi nzima.

Kuna kasoro moja ya njia hii ambayo lazima niitaje. Kompyuta nyingi za 486 hunakili programu ya kadi kwenye kumbukumbu ya kasi zinapowaka, kisha huisoma huko badala ya kwenye chipu. Mara nyingi nakala hiyo ni ileile, lakini baadhi ya kadi hubadilisha baiti chache baada ya kuwaka. Ukiweza, ingia kwenye mipangilio ya bodi kuu utafute sehemu iliyoandikwa Video BIOS Shadow na uizime kabla ya kunakili. Lakini kabla hujabadilisha chochote mle, andika kwenye daftari namba za diski kuu zinazoonekana pale, yaani silinda, vichwa na sekta. Mashine ya umri huo inazikumbuka kwa betri, na betri ikifa namba hizo zinapotea na diski haitaonekana. Daftari hilo litakuokoa siku hiyo. Kama mipangilio hiyo inakutisha, iache. Nakala isiyo kamilifu ni bora mara elfu kuliko kukosa kabisa.

Nimeitaja betri, basi fungua kasha utazame. Kwenye bodi nyingi za 486 kuna betri ya pipa, ya bluu au kijani, iliyochomelewa pembeni. Zikizeeka huvuja maji yanayokula njia za shaba. Ukiona ukoko wa kijani au mweupe kuizunguka, hilo ni tatizo kubwa kuliko kadi ya grafiki, nalo halisubiri.

Ukishapata nakala, ndipo uje kwenye dawa ya mguso. Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke. Kwanza weka kadi ikiwa imelala juu ya kitabu na uikandamize chipu kwa kidole gumba, taratibu, kwenye kila ncha. Ukisikia mlio mdogo wa kuingia, umeshapata mhalifu. Kisha sugua meno ya ukingo wa kadi kwa kifutio cheupe cha penseli, ufute vumbi lake kwa kitambaa kilichoguswa spiriti, usubiri ikauke, uirudishe. Na usiigonge mashine. Diski ya umri huo haipendi kugongwa.

Je, ununue mashine ya kusomea chipu? Kwa kadi moja, sikushauri. Lakini kama wewe au rafiki yako mna kadi kadhaa, au mnafikiria kufanya kazi hii, zile ndogo za USB kama TL866II Plus au T48 zinatosha kabisa, na zina faida moja ambayo DEBUG haina: zinasoma chipu hata kama kompyuta imekufa. Mkifika huko, zingatieni mambo haya. Chipu ina kikato cha nusu mwezi upande mmoja, na kikato hicho lazima kielekee upande ule ule kwenye mashine na kwenye kadi; piga picha kabla ya kuichomoa. Ichomoe kwa bisibisi bapa, upande huu kidogo, upande ule kidogo, usiinue ncha moja hadi mwisho maana miguu itapinda. Na kwenye programu ya mashine, ondoa alama mahali panaposema ikague utambulisho wa chipu. Ukaguzi huo hupeleka takriban volti 12 kwenye mguu mmoja, wa 24 kwa chipu za miguu 28. EPROM nyingi za baadaye zinaustahimili, lakini chipu nyingine za zamani, hasa zilizoandikwa kiwandani moja kwa moja, hazikuandaliwa kwa hilo. Kusoma kwenyewe kunataka volti 5 tu.

Ukikuta usomaji unabadilika badilika, baadhi ya mashine zinakuruhusu kuteremsha volti ya kusomea hadi 4.5 au chini kidogo. Watu wengi hudhani volti kubwa ndiyo inasaidia chipu iliyochoka. Ni kinyume. Tenga lililopungua elektroni linashindwa kuizuia transista isifunguke volti ikiwa kubwa. Ukiipunguza, linaweza tena, na 0 iliyokuwa imefifia inaonekana kama 0. Nimeokoa chipu kwa njia hiyo.

Kadi nyingine, hasa za mapema, zina chipu mbili badala ya moja. Moja hubeba baiti za nafasi shufwa na nyingine za nafasi witiri. Ukisoma ya kwanza utaona 55 na 40, ya pili itaanza na AA. Hiyo haimaanishi zimeharibika. Zinasubiri kusukwa pamoja kama ukili. Kwenye kadi yako umesema ni moja, na ukitumia DEBUG huna haja ya kulijali hilo, kwani kompyuta yenyewe huziunganisha.

Kuhusu kutafuta programu hiyo mtandaoni: aliyekushauri hakukosea kabisa, ila ameiweka mahali pasipofaa. Zipo hifadhi za watu wema waliokusanya nakala hizi, na zimesaidia wengi. Lakini kadi mbili zenye chipu kuu ya jina moja, tuseme Trident au Cirrus Logic, zinaweza kuwa zimetengenezwa na viwanda viwili tofauti, kwa kumbukumbu tofauti na kasi tofauti. Programu ya moja kwenye nyingine inaweza kuleta picha inayocheza, rangi za ajabu, au giza. Nakala ya mtandaoni iwe ya kulinganishia, au ya mwisho kabisa wakati umekosa yako. Ya kwako, uliyoisoma kwenye kadi ya baba, ndiyo inayofaa kadi ya baba. Na kwa kuwa programu hiyo bado ina mwenyewe kisheria, ihifadhi kwa matengenezo yako, usiiuze.

Sasa ukitaka kuchoma chipu ya akiba, kuna mtego wanaouingia hata mafundi wazoefu. Chipu ya kilobaiti 32 iliyozoeleka ni 27C256. Duka au mtu atakupa 28C256 akisema ni sawa, tena inafutika kwa umeme. Ukubwa ni sawa kweli, miguu ni 28 kweli, lakini mguu wa 1 na wa 27 umebadilishana kazi, na haitasoma sawasawa kwenye soketi yako. Inayofaa zaidi ni W27C512, ambayo nayo hufutwa kwa umeme bila taa wala jua. Ni kubwa mara mbili, na mguu wake wa kwanza ni wa anwani, wakati kwenye soketi ya 27C256 mguu huo mara nyingi umeunganishwa na volti 5. Maana yake kadi itasoma nusu ya juu ya chipu. Andika faili lako mara mbili mfululizo, nusu ya chini na nusu ya juu, nayo itafanya kazi popote mguu huo ulipofungwa. Kisha weka ile ya akiba kwenye kadi, na ya asili uifunge vizuri uihifadhi. Kama picha inatoka kwa chipu mpya, umethibitisha nakala yako kwa namna ambayo hesabu pekee haiwezi.

Faili lenyewe ni dogo kuliko picha moja ya simu. Likitoka kwenye disketi kupitia kiendeshi cha disketi cha USB, lipeleke kwenye barua pepe yako, kwenye simu ya ndugu, na kwenye flashi moja unayoiweka mbali na nyumba. Lipe jina linalosema kitu: namba iliyo kwenye kadi, maandishi ya stika, tarehe uliyosoma. Piga na picha ya kadi pande zote mbili. Jina kadi1 halitakuambia lolote baada ya miaka mitano.

Kuna mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako. Kama chipu haimo kwenye soketi bali imechomelewa moja kwa moja kwenye kadi, usiing'oe. DEBUG itaisoma palepale, na kama kompyuta haiwaki, tafuta fundi mwenye mashine ya hewa ya moto ambaye hufanya bodi za simu kila siku. Kama betri imevuja, au umesikia harufu ya kuungua, zima na usiwashe tena kabla mtu hajaitazama. Kama nakala tatu hazifanani hata baada ya kusafisha miguso, chipu inataka kusomwa kwa volti ndogo, na hilo linataka mashine. Kwa fundi yeyote utakayemwendea, muulize kwanza: utaisoma kabla ya kuigusa? Utanipa faili? Akikujibu kwamba si lazima, chukua kadi yako uondoke kwa heshima.

Ukiamua kuituma Tabora kwa treni, usitume kompyuta nzima wala diski ya mzee. Tuma kadi peke yake, stika ikiwa mahali pake, ndani ya mfuko ule wa rangi ya moshi wa vifaa vya kompyuta, au imezungushiwa karatasi ya alumini kisha gazeti. Usiizungushie povu jeupe la kufungia televisheni, linazaa umeme tuli. Andika juu yake isiwekwe juani.

Leo usiku, basi, iwashe. Picha ikitoka, nakili kwanza faili za Kiha, kisha andika d c000:0, unakili kwenye daftari ile safu ya kwanza yote na unitumie. Ikianza na 55 AA 40 au 55 AA 30, nakili chipu usiku huo huo kama nilivyoeleza, nami nitakujibu tuendelee na chipu ya akiba. Ikianza na kingine, usibonyeze chochote zaidi, niandikie ulichokiona.